Kinyonga Bado Yuko Njiani

Kinyonga alipewa kazi moja tu: awapelekee watu habari kwamba hawatakufa. Njiani akakuta matunda, akala. Jua likamchoma, akalala. Aliyemtuma akasubiri, akachoka kusubiri, akamtuma mjusi na habari iliyo kinyume cha ile ya kwanza. Mjusi akafika mapema. Kinyonga alipotokea na ujumbe wake mzuri, watu walikwisha kuupokea ule mwingine, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kumsikiliza.

Hadithi hii husimuliwa kwa Wazulu na, kwa sura mbalimbali, kwa jamii nyingi za Kibantu hadi huku kaskazini. Alice Werner aliipa nafasi kubwa katika kitabu chake cha mwaka 1933, Myths and Legends of the Bantu. Wanaochambua ngano huisoma kama hadithi ya asili ya kifo. Aliyewahi kukaa kwenye vikao vya miradi huisoma vingine. Kazi ilikuwa njema, mjumbe alikuwa halali, ujumbe haukubadilika hata neno moja. Kilichoharibika ni tarehe.

Ipo aina moja ya miradi ambayo hadithi hiyo inaihusu mara mbili: ile ya kukusanya masimulizi ya watu, kuyahifadhi, na kujenga mahali pa kuwarudishia wenyewe. Miradi hiyo huandikwa kila mahali penye wazee wanaosimulia, na ufuko wa Ziwa Mweru ni mahali pazuri pa kuitazamia, kwa kuwa pale simulizi kuu lenyewe linahusu makabidhiano.

Nchelenge ni makao ya wilaya katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Sokoni Kashikishi, karibu na hapo, asubuhi wanawake humwaga juu ya mchanga chisense waliovuliwa usiku kwa taa. Msomaji wa Mwanza au Kigoma atawaita dagaa bila kufikiri mara mbili. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini. Maji hutoka kaskazini kwa Mto Luvua na kwenda zake Kongo. Mpaka umepita majini: upande huu lugha ya soko ni Kibemba, ng'ambo huko Katanga ni Kiswahili. Ziwani kuna kisiwa kinachoitwa Kilwa, na upande wa Kongo kuna mji wa jina hilohilo, jambo linalomfanya mtu wa pwani atabasamu kabla hajauliza. David Livingstone alilifikia ziwa hili Novemba 1867, na kwenye mji wa mfalme Kazembe alikuta wafanyabiashara Waswahili na Waarabu wametangulia zamani.

Simulizi kuu la ufuko huu ni la Nachituti. Alikuwa dada wa Nkuba, mtawala wa Washila, wavuvi waliokuwapo kabla ya Walunda kufika. Nkuba alimuua mtoto wa Nachituti. Mama akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alileta kikapu cha udongo na chungu cha maji, akampa Kazembe: nchi na ziwa. Hilo ndilo linalosimuliwa. Mwanahistoria David Gordon alilifanya jina la kitabu chake cha mwaka 2006, Nachituti's Gift, na humo anaonyesha jambo ambalo mtu wa miradi angelitambua mara moja. Kikapu na chungu vilimfikia mfalme, lakini koo za zamani zilibaki na mamlaka yao ya kimila juu ya vidimbwi na maji ya kuvulia. Hati ilikuwa na jina moja na matumizi yalikuwa na watu wengine.

Basi tuanze na karatasi. Andiko la mradi wa kuhifadhi masimulizi lina sura inayojulikana. Kurasa za mwanzo hueleza hatari: wasimulizi wanazeeka, vijana wako kwenye simu. Kisha huja matokeo yanayotarajiwa, yaani jengo la kumbukumbu lenye ukumbi na chumba cha kusomea, vinasa sauti, vijana waliofunzwa kurekodi, vitabu vya hadithi vya shule za msingi, na tovuti. Mwisho kabisa huwekwa jedwali la kazi, shughuli zikishuka kutoka juu kwenda chini na miezi ikienda kutoka kushoto kwenda kulia, visanduku vimetiwa rangi. Ukitaka kuujua mradi haraka, usisome utangulizi. Tazama kona ya chini, kulia, ya jedwali hilo. Huko utakuta mafunzo ya mtunza maktaba, uchapishaji, usambazaji shuleni, na mstari mmoja wenye maneno “kukabidhi kwa jamii”. Kila kitu kinachomgusa mtumiaji moja kwa moja kimepangwa kwenye kona hiyo. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni kweli kwamba huwezi kusambaza kitabu ambacho hakijachapwa. Lakini kona hiyo ndiyo inayokatwa miezi inaposogea.

Na miezi itasogea, kwa sababu jedwali hupangwa mjini, ambako miezi inafanana. Mweru haifanani. Mvua huanza karibu na Novemba na huendelea hadi Aprili. Kipindi hicho kuchimba msingi ni kuchota maji. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa, na wavuvi hurudi nyumbani kutoka kwenye kambi zao. Kwa anayetaka kurekodi, hiyo ndiyo miezi mizuri kuliko yote: watu wapo, wana nafasi, na jioni ni ndefu. Lakini ndiyo miezi ambayo gari la mradi hukwama. Machi wavuvi wanaondoka. Mwishoni mwa Julai macho yote yako Mwansabombwe, kwenye sherehe ya Mutomboko, ambako Mwata Kazembe hucheza ngoma ya ushindi. Mpangaji anayeandika “mahojiano na wazee: miezi mitatu ya kwanza” bila kusema ni miezi ipi, amekwisha kuchelewa kabla ya kuanza.

Hapa yafaa kuwatendea haki wakusanyaji waliotangulia, kwa sababu nao walichelewa, na wao hawakuwa na mkandarasi wa kumlaumu. Wilhelm Bleek, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1827 na ndiye aliyelieneza jina la Bantu katika taaluma, alianza mwaka 1870 huko Cape Town kuandika masimulizi ya watu wa /Xam kutoka midomoni mwa wafungwa. Alifariki mwaka 1875. Sarufi yake linganishi ya lugha za kusini mwa Afrika ilibaki haijakamilika. Shemeji yake, Lucy Lloyd, aliendelea na daftari zile, ambazo kwa jumla zimepita kurasa 12,000. Akaachishwa kazi mwaka 1880, akaendelea hivyo hivyo, na kitabu, Specimens of Bushman Folklore, kikatoka London mwaka 1911. Miaka arobaini na moja. Leo daftari hizo zinasomeka kwenye intaneti, na /Xam, lugha isiyo tena na msemaji, imeandikwa kwenye nembo ya taifa la Afrika Kusini. Ukipima kwa ratiba, kazi ile ilishindwa vibaya. Ukipima kwa kilichopatikana, hakuna mradi wa siku hizi wa aina hiyo unaoweza kujilinganisha nayo. Ukipima kwa mtumiaji wa kwanza, yaani yule aliyesimulia na wanawe, hawakukisoma.

Werner mwenyewe alichukua muda karibu uleule. Alizaliwa Trieste mwaka 1859, akasoma Newnham, Cambridge, akafika Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, mwaka 1893, kisha Natal. Kati ya 1911 na 1913 alizunguka Afrika Mashariki. Chuo cha lugha za Mashariki kilipofunguliwa London mwaka 1917, alikuwa miongoni mwa walimu wake wa mwanzo, akifundisha Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu, na mwaka 1921 akawa profesa. Sehemu ya Afrika katika mfululizo wa The Mythology of All Races, iliyotoka mwaka 1925, ni yake. Kitabu cha 1933 alikitoa akiwa amestaafu, miaka miwili kabla ya kufariki. Tangu kukanyaga Nyasaland hadi kitabu ni miaka arobaini kamili. Ajabu ni kwamba humo ndani sungura wetu na Kalulu wa Wabemba wanakutana na kutambuana kama ndugu waliopotezana. Kazi ya kulinganisha imefanywa kwa mkono mzuri, bila majivuno. Ila imefanywa kwa Kiingereza, London, kwa msomaji wa London. Ni jengo lililokamilika, lenye paa na madirisha, mlango ukiwa upande wa pili wa bahari. Askofu Edward Steere, aliyechapisha Swahili Tales mwaka 1870, alifanya jambo moja dogo zaidi na la maana zaidi kwa mtumiaji: aliweka Kiswahili chenyewe ukurasani, Kiingereza kikiwa kando yake. Miaka mia na hamsini baadaye Mzanzibari bado anaweza kusoma upande wake wa ukurasa.

Turudi kwenye ujenzi. Jengo la kumbukumbu halitofautiani sana na zahanati au mwalo, na mara nyingi fundi ni yuleyule. Miezi ya mwanzo huenda vizuri. Msingi unaonekana, kuta zinapanda, picha za taarifa ya robo mwaka zinapendeza. Malipo hufuata vitu vinavyoonekana, kwa hiyo mkandarasi, ambaye naye ana mishahara ya kulipa, huelekeza nguvu kwenye vitu vinavyoonekana. Hilo si hila, ndivyo mkataba ulivyomfundisha. Kuna hadithi ya Waila, wa kusini mwa Zambia, ambayo Werner aliirudia: mwanamke mzee aliyefiwa na watu wake wote aliamua kumfuata Leza, yaani Mungu, akamuulize kwa nini. Alikata miti mirefu, akaiunga, akajenga ngazi ya kufika mbinguni. Kazi ilienda juu vizuri. Lakini kabla haijafika, miti ya chini ilikuwa imeanza kuoza, na yote ikaanguka pamoja naye. Hakufa, wala hakukata tamaa; alitafuta njia nyingine. Mhandisi yeyote wa ufuko wa ziwa anaijua ngazi ile. Ni ukuta wa awamu ya pili unaopandishwa wakati mabati ya awamu ya kwanza, yaliyosimama mvua mbili bila dari, yameshika kutu. Ni rafu za vitabu zilizoletwa mapema, zikahifadhiwa chumba kisicho na madirisha, mchwa wakawa wasomaji wa kwanza.

Kile kinachobaki bila kufanywa kina orodha inayochosha kwa kufanana. Choo kina sinki lakini maji hayajavutwa. Nyaya zipo ukutani, mita haipo. Jengo limekamilika kwa asilimia tisini na kitu, na ile asilimia iliyobaki ndiyo mtu angeikalia, angeifungulia au angeisomea. Hatua ishirini za mwisho kutoka barabarani hadi mlangoni huwa tope, kwa sababu “kazi za nje” zilipunguzwa ili kulipia paa. Kisha huja ufunguo. Ufunguo wa chumba cha kusomea hukaa kwa ofisa, na ofisa yuko mjini kwenye semina. Nimeona zaidi ya mara moja, katika nchi zaidi ya moja, mtoto akichungulia vitabu kupitia kioo, mikono imezunguka uso ili kuzuia mwanga. Katika taarifa mtoto yule angehesabiwa kama mtumiaji.

Katika miradi ya masimulizi kuna pengo jingine, lisiloonekana kwa mkaguzi kwa kuwa halina matofali. Sauti zimerekodiwa, hazijaandikwa. Bajeti hununua kinasa sauti kwa sababu kina risiti, na humsahau mtu wa kukaa na masikio yake. Saa moja ya mzee akisimulia kwa Kibemba, na maneno ya Kishila humo ndani, akikohoa na wajukuu wakiingilia, si ajabu ikala siku nzima ya kuandika, kisha siku nyingine ya kurudi kwake kuuliza alimaanisha nini. Hapo ndipo fedha zilipokwisha. Matokeo yake ni sanduku la kumbukumbu za sauti lililowekwa kwenye makao makuu ya mkoa au mbali zaidi, na msimulizi hana hata nakala ya sauti yake mwenyewe.

Kwa nini gharama hupanda? Sababu nyingi ni za kawaida na hazihitaji mtu wa kushukiwa. Nchelenge iko mbali na viwanda vya saruji. Lori linalotoka Copperbelt hukata kipande cha ardhi ya Kongo, au huzunguka kwa mashariki, na kabla ya mwaka 2008 lilisubiri pantoni kuvuka Luapula pale Chembe. Kila kilomita iko ndani ya bei ya mfuko. Ukitaka kujenga kisiwani Kilwa, ongeza boti, wapakuzi wa pande zote mbili, na siku za upepo ambazo boti haiondoki. Vifaa vya ndani hununuliwa kwa dola na mkataba umeandikwa kwa kwacha. Tofauti hiyo hakuna fundi anayeweza kuizuia. Malipo ya serikali au ya mfadhili yakichelewa, mkandarasi hudai riba, au hutoa mafundi na kuwapeleka eneo jingine, kisha hudai gharama ya kuwarudisha. Mabadiliko ya ramani katikati ya ujenzi, mara nyingi kwa nia njema kabisa (“ukumbi uwe mkubwa kidogo, wageni wa Mutomboko watakuja”), huzaa kazi za ziada ambazo bei yake haikushindaniwa na mtu.

Ila kuna sababu moja ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko wanavyoipa wakaguzi. Makadirio ya mwanzo hushushwa makusudi kidogo ili mradi upite. Kila mtu mezani anajua. Andiko la bei halisi lingekataliwa. Andiko la bei ya chini linakubaliwa, na nyongeza huombwa baadaye, wakati ambapo kuacha ni aibu kuliko kuendelea. Tabia hii haimo Luapula peke yake, na si ya Afrika peke yake. Lakini malipo yake huangukia kona ileile ya chini kulia, kwa kuwa nyongeza ikikubaliwa nusu, kinachopunguzwa ni kile ambacho hakijaanza.

Haki pia inataka isemwe kwamba yapo yanayokamilika. Mwaka 1951 kilitoka kitabu cha Mwata Kazembe wa 14, Chinyanta Nankula, juu ya historia ya watu wake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kwa Kibemba. Mwanaanthropolojia Ian Cunnison, aliyeishi Luapula miaka ileile, alikitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri yake ikatoka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Angalieni mpangilio: mtumiaji wa nyumbani kwanza, msomi wa nje baadaye. Si kitabu kisicho na upande, maana kiliandikwa kutoka ikulu, na Mshila angesimulia mambo mengine kwa namna nyingine. Lakini mlango wake ulifunguka upande wa ziwa. Hakikuhitaji ukumbi, jenereta wala tovuti; kilihitaji mwandishi anayejua lugha, mchapaji, na uamuzi wa nani atakisoma.

Miradi ya sasa hujibu kwamba dunia imebadilika, na kwamba jengo lina kazi ambazo kitabu hakiwezi. Ni kweli. Jengo hupokea wageni, huweka vitu vya kale mahali pakavu, huwapa vijana mahali pa kukutana penye taa. Nisingependa kuonekana napinga matofali. Ninachohoji ni hesabu ya ukamilifu. Hati ya makabidhiano husainiwa na mkandarasi, mshauri na mwenye mradi. Mtumiaji hana mstari wa kusaini. Baada ya hapo huja kipindi cha uangalizi wa kasoro, ambacho kwa kawaida hushughulikia nyufa na mifereji inayovuja. Mlango uliofungwa miezi sita hauhesabiwi kuwa kasoro, kwa sababu mlango wenyewe ni mzima.

Nachituti hakusainisha mtu. Alileta udongo unaoshikika na maji yanayonyweka, mbele ya watu, na kila Julai watu wa bonde lile wanajua nini kilitolewa na kwa nani. Wanabishana pia, hadi leo, juu ya nani ana haki ya kuvua wapi. Ubishi huo ni dalili kwamba kilichotolewa bado kinatumika.

Kwa hiyo, kwa yeyote anayeandaa jedwali la mradi wa namna hii ufukweni mwa Mweru, au wa Tanganyika, au wa Nyasa: chukua mistari mitatu kutoka kona ya chini kulia, yaani mshahara wa mwandishi wa sauti, nakala ya kwanza kwa lugha ya msimulizi, na ufunguo unaokaa kwa mtu anayeishi hatua mia kutoka mlangoni. Ipandishe hadi mstari wa juu kabisa, na ilipiwe kabla ya jiwe la msingi.